Mafuta ya Jiwe la Emukule

Emukule alinifungia hoteli bila kuweka kufuli. Alitumia maji.

Kama umewahi kupita Malaba ukaiacha foleni ya malori nyuma yako na kushika barabara ya Angurai, utakuwa uliona kibanda cha mabati ya bluu chini ya jiwe kubwa. Hapo ni kwangu. Ubaoni pameandikwa Hasifa Hoteli, ila madereva waliniita Mama Pilau na mimi niliitika. Foleni ya kuvuka mpaka ikikwama, na haikosi kukwama, walikuwa wanatembea hadi kwangu: Wakenya, Waganda, Wanyarwanda, hata Wakongo wenye viatu vya kung'aa. Wakila walisengenyana, na mimi nilisengenya pamoja nao huku napakua. Nimezaliwa Busia mjini, katika ploti ya vyumba vingi na choo kimoja, sijui kula peke yangu. Nyumba ikiwa kimya kichwa kinaniuma.

Maji ya kupikia yalikuwa nyuma ya jiko. Lile jiwe ni graniti, na kwenye kitako chake kuna ufa unaotoa maji masika na kiangazi. Marehemu mume wangu alijengea ukuta wa simenti tukapaita kisima. Maji baridi, matamu, chai yake haikuhitaji sukari nyingi.

Juu ya jiwe ni boma la Emukule. Kazi ya Emukule kila mtu aliijua. Tangi la mafuta ya kwenda Uganda lilikuwa linasimama getini kwake "kupima tairi". Tairi lilipimwa mpaka dereva anamaliza kulala, halafu gari likiondoka linapanda mlima likiwa jepesi kuliko lilivyokuja. Wenzake wa kazi hiyo waliweka dizeli kwenye mapipa, mapipa yakatoboka, wakashikwa. Emukule alijiona mjanja. Alikuwa na shimo alilowachimbisha wavunja kokoto uani kwake, ndani ya graniti yenyewe. Kokoto zilipouzwa, akapiga shimo plasta nyembamba, akaliezeka mabati, akaliita stoo. Wale wavunja kokoto walikuwa wanakula kwangu, kwa hiyo nilisikia alivyowaambia akijipiga kifua: "Pipa huoza. Jiwe ni jiwe. Jiwe halivuji."

Mvua ndefu ilipoisha mwaka huo, Sylvia, msichana ninayepika naye, alionja wali akautema.

"Anti, hii pilau inanuka stovu."

"Stovu gani, na sisi tunapikia kuni?"

"Onja."

Nilionja. Nikaenda kisimani, nikainama. Juu ya maji palikuwa na rangi rangi, kijani, zambarau, dhahabu, zinazunguka polepole kama leso mpya ikitandazwa. Mchana ule dereva mmoja wa Kampala aliuliza kwa sauti, "Nyabo, leo umetia petroli kwa supu?" Hoteli nzima ikacheka. Kesho yake hakuna aliyecheka. Mmoja alitapika mlangoni, mbele ya wateja.

Nilipanda kwa Emukule kwa adabu, nimejifunga mtandio.

"Mzee, kitu chako kinateremka kwa maji yangu."

Aliniangalia kuanzia viatu. "Kitu gani changu, mama?"

"Wewe unakijua."

"Mimi nafuga kuku."

Nikampeleka kwa baraza la chifu. Nilipomaliza kueleza, Emukule alisimama, akakohoa kama mtu anayeimba kwaya, akasema, "Chifu, huyu mama ni mgeni wetu kutoka Busia, tunampenda. Lakini jiko lake ni chafu. Anamwaga mafuta ya taa ovyo, yanaingia kwa kisima chake, halafu anatafuta wa kumbebesha. Kati ya stoo yangu na kisima chake kuna jiwe. Chifu, umewahi kuona jiwe likipitisha maji?" Watu walicheka hadi wengine wakashika magoti. Chifu naye akacheka, akafunga shauri.

Kabla ya wiki kwisha, mkewe Amoit alifungua kibanda cha chakula pale getini kwao. Kila dereva aliyepita akaambiwa kwamba kwa Mama Pilau sahani huoshwa na mafuta ya taa. Maharagwe ya Amoit hayana hata chumvi, lakini walikwenda. Kwangu nilibaki na Sylvia na nzi. Nilikuwa nakaa pale mlangoni nasikia kelele za kwao zikishuka kutoka juu ya jiwe, vicheko vya watu wangu, na moyo unanichemka kama sufuria isiyo na kifuniko.

"Anti, turudi Busia," Sylvia aliniambia. "Soko la kule halikosi watu."

"Sirudi. Nataka kitu kimoja tu kutoka kwa yule mzee, nikikipata nitalala."

"Akulipe?"

"Aah. Nataka aseme kwa mdomo wake, mbele ya chifu yule yule na watu wale wale waliocheka, kwamba uchafu ulio kwa kisima changu ni wake. Hiyo sentensi moja."

"Sasa mtu atasemaje hivyo?"

Hata mimi sikujua. Nililifikiria jambo hilo nikikuna nazi, nikalifikiria nikiswali, Mungu anisamehe. Halafu likanijia. Mwanamke akilia maji yake yamechafuka, hata mbwa hageuki. Lakini ukisema umepata mafuta, viziwi wanakuja.

Nilijaza chupa pale kisimani, nikaiacha itulie mpaka kile kitu kikaelea juu, nikachovya kitambaa, nikakiwasha. Kikashika moto mzuri. Nikamwita Eriaku, mwendesha boda anayepumzikia kivulini kwangu. Eriaku ana mdomo ambao ukiuambia jambo asubuhi, mchana limeshavaa viatu.

"Eriaku, ona. Jiwe hili lina mafuta."

Macho yakamtoka. "Mafuta mafuta? Kama ya Waarabu?"

"Mimi nimesema lina mafuta. Na usimwambie mtu."

Sikusema uongo. Jiwe lilikuwa na mafuta. Jioni walikuwa wanajua Angurai. Kesho yake Busia mjini walisema wazungu wameshafika na helikopta, na binamu yangu akanipigia kutoka huko akilia kwamba mtaani Rukala watu wanasema nimeolewa na mmoja wao. Sikumkanusha hata mmoja. Nilichofanya ni kupika chai na kungoja.

Aliyekuja hakuwa mzungu. Alikuwa dada mmoja anaitwa Dolphine Adoyo, mwanajiolojia wa kampuni ndogo ya kutafuta mafuta huko Nairobi, amevaa buti za vumbi, na nyundo kiunoni kama polisi na rungu lake. Alizunguka lile jiwe na dira mkononi, akipima kila ufa umeelekea wapi. Alipokuja kunywa chai nilimkalisha, maana mimi mtu akikaa kwangu lazima anieleze kazi yake.

"Dada, kweli jiwe linaweza kuwa na mafuta?"

Alivunja kipande cha graniti kwa nyundo, akadondosha chai kwenye uso wake mpya. Tone likakaa juu pale pale, limejikunja. Akachukua kipande kingine chenye ufa, akadondosha. Chai ikazama.

"Umeona? Mwili wake hauna tundu. Mchanga ungekunywa wote, graniti hainywi. Lakini ikipasuka, na nyufa ziwe nyingi, zishikane, inageuka ghala. Kule Vietnam, chini ya bahari, wanatoa mafuta mengi sana kwenye graniti iliyopasuka. Ndiyo maana mtu akituambia jiwe lina mafuta hatumcheki, tunakuja kukagua."

"Mnakaguaje?"

"Kwanza, yametoka wapi. Graniti haizai mafuta, mama, inapangisha tu. Lazima karibu kuwe na udongo wa zamani uliozikwa ukapikwa na joto la chini, huo ndio mzazi. Halafu tunaangalia kama nyufa zinaongea, za juu na za chini. Na kama kuna kifuniko cha kuyazuia yasitoroke."

Kidogo nimbusu. "Hilo la kwanza, dada. La yametoka wapi. Ulishikilie hapo hapo."

Alinitazama kwa upande. Aliomba leso yangu, akajifunika nayo kichwa na chupa ya maji ya kisima na tochi ndogo ya mwanga wa zambarau, akawa humo ndani kama mtu anayejifukiza. Alipotoka alikuwa amekunja uso.

"Inang'aa. Lakini haing'ai kama mafuta ya ardhini. Hata harufu yake ni ya kitu kilichopita kiwandani." Akashusha sauti. "Mama, kuna mtu anaweka mafuta huko juu?"

Ulimi uliniwasha mpaka machozi yakanilenga. Lakini nilijua itakavyokuwa. Nikisema, askari watatumwa, na kabla hawajawasha gari mtu wa Emukule atakuwa amempigia simu. Watakuta shimo limefagiwa na kuku wamelala ndani. Na mimi sentensi yangu nitaikosa.

"Dada, mimi ni mgeni hapa," nikamwambia. "Uliza jiwe."

Akacheka. "Basi nitaliuliza. Sampuli zinakwenda maabara. Majibu yakija nitayasema mbele ya wote, siyo chemba. Hiyo ndiyo desturi yetu, msije mkapigana."

"Hiyo desturi ni nzuri sana," nikasema. "Chai nyingine?"

Sasa shida ilikuwa Emukule. Siku za mwanzo alifunga geti, akasema hataki mtu wa nyundo kwake. Alikuwa anajua dizeli yake iko wapi, na hakutaka mgeni karibu nayo. Lakini pia aliliamini shimo lake kama watu wanavyoamini benki. Dizeli ilikuwa inapungua humo, hilo alilijua, na alikuwa ameshawafukuza vijana wake wa kazi akiwaita wezi, mmoja wao alichapwa hadi jino likamtoka. Watu aliwashuku wote. Jiwe hakulishuku.

Nilimtuma Sylvia kwenye kibanda cha Amoit akanunue mandazi, na amlalamikie mtu yeyote kwa simu kwa sauti kubwa.

"Nimwambie nani?"

"Hata simu ikiwa imezimwa. Sema anti ameringa, anasema mafuta yakipatikana jina ni lake peke yake, kwa sababu kisima ni chake. Sema wenye jiwe watakula vumbi."

Sylvia alikwenda. Jua halijapungua makali, Emukule akawa mlangoni kwangu, amevaa koti la harusi.

"Yoga, mama," alinisalimu kwa Kiteso.

"Yoga noi, mzee. Karibu kwenye jiko chafu."

Alijifanya hakusikia. "Nasikia una maneno. Hili jiwe ni la nani?"

"Jiwe ni lako, mzee. Ufa ni wangu."

"Ufa umeanzia wapi?"

"Mimi sijui. Si ulisema harufu inatoka jikoni kwangu?"

"Hayo yalikuwa ya baraza. Leo tunaongea ya maana. Hicho kitu kinatoka kwangu juu, kinateremka kwako. Wewe umekinga sahani tu chini ya meza yangu."

"Eti kinateremka? Kupitia jiwe?"

"Huyo msichana wa Nairobi amesema jiwe lina nyufa! Hata wewe unaona nyufa!"

"Mzee, mimi mwanamke wa pilau. Kama ni chako, kathibitishe."

Alipotoka, Sylvia alijifungia stoo akacheka hadi akapata kwikwi. Mimi sikucheka. Nilimwangalia yule mzee akipanda jiwe na koti lake, mikono nyuma, anahesabu ardhi yake kwa macho, nikasema moyoni, panda, panda bado.

Jumapili alifanya sherehe. Kulikuwa na chungu kikubwa cha ajono, pombe ya wimbi, katikati ya ua, wanaume wamekizunguka na mirija yao mirefu, Amoit anaongeza maji ya moto, chifu amepewa kiti chenye mto. Mimi niliitwa ili nione. Nikapewa soda ya uvuguvugu na kigoda karibu na kuku.

"Mama Pilau," Emukule alisema akitoa mrija mdomoni, "wenye mafuta tukianza kuchimba, kibanda chako kitakuwa njiani. Utahama."

"Nitahamia wapi, mzee?"

"Dunia ni kubwa. Lakini ile sufuria yako kubwa uniachie, tutaogeshea ng'ombe."

Wakacheka. Omagor, jamaa yake wa karibu, akaongeza, "Aache na mapishi! Ile supu inaweza kuwasha lori!" Wakacheka tena, mirija ikawatoka midomoni. Nilikunywa soda yangu yote nikiwatazama mmoja mmoja, ili nisije nikasahau uso.

Dolphine naye alikuwa pale, amekaa na maji yake ya chupa. Alingoja kelele zipungue.

"Mzee, umesema kilicho kisimani kinatoka kwako. Tunaweza kujua. Nina rangi ya kijani, haina sumu. Tunaimwaga na maji kwenye ufa huku juu, halafu tunaangalia kama itatokea chini. Ikitokea, nyufa zimeshikana. Ila lazima uniruhusu niingie, na uniambie mvua ikinyesha maji huzama wapi upesi."

"Hapo kando ya stoo," Emukule alisema papo hapo. "Hapo hata mvua ya gharika inamezwa."

Amoit aliacha birika. Alimwinamia mumewe, akamvuta koti. "Baba, mwonyeshe kule kwa mgomba."

"Kwa mgomba maji yanasimama."

"Lakini stoo..."

"Stoo imefungwa, nani anaingia stoo? Wewe mwanamke unajua nini ya graniti?" Akainua mkono kuwaonyesha wenzake. "Wivu. Hata mke wako mwenyewe hapendi utajirike!"

Amoit alirudi kwenye birika lake. Nilimwona anavyomwaga maji pembeni ya chungu. Huyo ndiye peke yake aliyekuwa na akili katika boma lile, na hakuna aliyemsikiza. Sikumhurumia. Nilikumbuka sahani na mafuta ya taa.

Siku ya kumwaga rangi Malaba haikufanya kazi. Foleni ilikuwa imekwama hadi kwenye mzani, kwa hiyo madereva wote walikuja, na wamama wa soko, na wavulana wa kubadilisha pesa, na chifu na kofia yake. Nilikuwa na watu kwangu hadi juu ya paa la choo. Hiyo peke yake ilinitosha kuishi mwaka mzima.

Kule juu Emukule hakukubali mtu mwingine abebe ndoo. Alimwaga mwenyewe, ndoo baada ya ndoo, maji ya kijani kama majani ya mpunga, na jiwe likawa linayanywa kwa sauti. Halafu akashuka mbio, koti linapepea, ili awe wa kwanza kisimani.

Tulikaa. Watu walichoka, wakaanza kuondoka, wakarudi. Sylvia aliuza chai iliyopikwa kwa maji ya kununua hadi majani yakaisha. Ghafla mwanamke mmoja aliyekuwa ameinama ukutani akapiga yowe. Kwenye ufa, ndani ya yale maji yenye rangi za leso, kulikuwa na uzi mwembamba wa kijani, unajisokota, unanenepa, mpaka kisima chote kikawaka.

Ungeona yule mzee! Aliruka. Alimkumbatia chifu kofia ikaanguka.

"Mmeona? Mmeona wenyewe? Changu!"

Nikasogea.

"Mzee, huku nyuma hawajasikia. Nini ni chako?"

"Mafuta! Kila tone lililo kwa hiki kisima limetoka kwangu!"

"Siyo kwa jiko langu?"

"Jiko lako litoe mafuta, wewe? Yametoka kwangu, kando ya stoo yangu, yamepita kwa jiwe langu!"

"Chifu umesikia?"

"Nimesikia, mama," chifu alisema akipangusa kofia.

"Rudia basi mzee, hawa wa Uganda wako mbali."

Akapanda juu ya ukuta wa kisima, ule mume wangu aliujenga, akapaza sauti hadi mwangwi ukarudi kutoka kwenye jiwe. "Mimi Emukule! Mafuta haya ni yangu! Yametoka kwangu!" Na akapiga kifua.

Nilichota kikombe, nikamnyooshea. "Hongera. Basi kunywa."

"Mafuta hayanywewi."

"Madereva wangu waliyanywa. Kwako juu mliyaita supu."

Vicheko vikapungua kidogo. Hapo Dolphine akasogea mbele. Hakupaza sauti, na watu walinyamaza ili wamsikie.

"Majibu ya maabara yamekuja. Mafuta yanayotoka ardhini yana kila kitu ndani yake, mepesi na mazito, hadi lami. Haya hayana. Haya yamechujwa kiwandani. Ni dizeli." Akangoja kidogo. "Na ina ile alama ya kemikali inayowekwa kwenye mafuta ya kupita, yasiyoruhusiwa kuuzwa Kenya. Ni dizeli ya kwenda Uganda."

Mahali pengine wangeuliza maana yake ni nini. Malaba hakuna aliyeuliza. Watu wa pale wamezaliwa wakiona matangi yakipita, na wengi wameona pia yakisimama getini. Mtu mmoja nyuma akapuliza "Ala!", na baada yake ikawa kama mabati yanadondokewa na mvua ya mawe.

Emukule alikuwa bado juu ya ukuta. "Nilikuwa natania," akasema.

Yule dereva wa Kampala aliyeniuliza ya petroli kwa supu akamjibu, "Ssebo, umetania mara tatu na kifua umepiga!"

"Huyu mama amenitega!"

"Mzee," nikasema, "mimi ni mgeni. Mafuta ni yako, jiwe ni lako, mdomo ni wako. Mimi changu hapa ni kikombe tu." Nikamwaga yale maji miguuni pake, polepole, yote.

Siku nyingine yoyote angekuwa na mtu wa kumpigia simu kumwonya. Siku hiyo wote wenye simu walikuwa wanampiga picha. Watu walipanda jiwe, wakakaa kwenye geti na kwenye ukuta, hata Omagor alikaa, pasitoke pampu wala pipa. Wale vijana aliowafukuza, yule asiye na jino mbele, ndio walioinua mabati ya stoo. Askari na watu wa ushuru walifika jua likiwa bado kali, wakakuta kila kitu mahali pake, hadi mpira wa kunyonyea. Emukule alipopitishwa mbele ya hoteli yangu nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilitoka makusudi, nikajifunga mtandio vizuri, ili anione.

Nililala usiku huo kama mtoto.

Dolphine alikuja kuaga. Aliniambia ukaguzi umekwisha, hakuna mafuta ya ardhini katika jiwe lile wala karibu nalo, kwa sababu ule udongo mzazi haupo.

"Inauma," alisema. "Nyufa nzuri, zimeshikana vizuri kabisa. Zingekuwa ghala kama kungekuwa na kitu cha kuzijaza."

"Kilikuwepo."

"Na bado kipo, mama. Hilo ndilo sikutaka kukwambia mbele ya watu. Dizeli iliyoingia kwenye nyufa haifagiliwi. Kila mvua itakusukumia kidogo. Hicho kisima usikitegemee, labda miaka na miaka."

"Hata na yeye akiwa ndani?"

"Jiwe halijui kama yuko ndani."

Basi nanunua maji ya mkokoteni, na chai sasa inahitaji sukari. Lakini nyumba imejaa. Wanaokuja kwa pilau ni wachache kuliko wanaokuja kwa hadithi, na hadithi haiivi bila sahani mbele ya mtu. Wanataka kuona ukuta aliosimama. Wanataka nionyeshe alivyopiga kifua. Naonyesha.

Juzi Amoit aliingia. Kibanda chake kilishafungwa, na mumewe yuko rumande Busia akingoja kesi. Hoteli ilikuwa pomoni. Alisimama kando ya meza ya kuhesabia mpaka nikamwona, amefunga kitambaa cheusi kama mfiwa.

"Mama Hasifa, nina neno. Twende nje."

"Neno la nje mimi silijui, dada. Keti."

Nilimtolea kiti katikati, nikammiminia chai. Watu wakapunguza sauti. Aliinamia kikombe.

"Wakikuita mahakamani, sema alikuwa amelewa. Sema kisima kilikuwa kinanuka tangu zamani, kabla ya sisi. Watoto wangu hawajafanya kosa. Wewe pia ulikuwa na mume."

Nilimwangalia. Alikuwa amekonda, na nywele zimemwota mvi mbele. Kuna mtu mwingine angemshika mkono. Na mimi mkono ulitaka kwenda, siwezi kukataa, ulifika hadi kwenye birika. Lakini niliposikia kelele za hoteli yangu zimenyamaza kwa ajili yake, nikakumbuka nilivyokaa na nzi huku vicheko vya watu wangu vikishuka kutoka kwake.

"Nani hapa hajasikia ya Emukule?" nikauliza kwa sauti.

Mikono ikanyooka huku na huku. Wengine walikuwa wameisikia, walinyoosha tu.

Nikaanza mwanzo. Nilisema yote, ya pilau, ya baraza, ya chungu, hata ya yeye kumvuta mumewe koti, na hapo walicheka kuliko mahali pote. Amoit hakunyanyuka. Alikaa na kikombe chake mpaka nikamaliza, macho chini, chai haijapungua.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Basi utawaambia nini?"

"Hivyo hivyo. Kama ulivyosikia."

Alisimama, akanyoosha kitambaa chake, akatoka bila kumwangalia mtu. Foleni ilikuwa imekwama tena. Madereva wengine walikuwa wamesimama mlangoni wakitafuta nafasi, na mmoja akaniuliza kama kile kiti cha katikati kina mwenyewe.

"Hakina," nikamwambia. "Keti. Sylvia, lete sahani."